Matairi Laini ya Kumpeleka Mama Mkwe Vihingo

Nimerudi. Gari limerudi, na kile chumba changu cha kubebwa na gari nacho kimerudi salama. Tangu nifike sijakata hata fremu moja ya dirisha bila mtu kuchungulia karakanani kwangu hapa Picha ya Ndege na kuniuliza, "Fundi, Vihingo si hapo tu? Siku tano zote ulikuwa unafanya nini?" Nimechoka kusimulia nusunusu huku mashine inanguruma. Haya, someni yote, kisha mniache nifanye kazi.

Picha ya Ndege: kuchagua matairi

Wale wasiokijua chumba chenyewe, ni boksi la aluminiamu na plaiwudi nililolitengeneza kwa mikono yangu ili nikienda kufunga madirisha mikoani nisihangaike na gesti. Ndani mna kitanda, meza ya kukunja, tangi la maji na choo kidogo cha kukalia. Kinaingia kwenye bodi ya pikapu, kinafungwa kwa boliti nne, na ukitaka kukishusha kina miguu yake minne ya kusimamia. Kina uzito wa karibu kilo mia saba. Nakisifia kwa sababu ni changu.

Safari hii haikuwa ya madirisha. Mama mkwe wangu alivunjika nyonga mwaka jana, majuma machache baada ya kumzika mumewe kule Vihingo. Akapasuliwa, akapona, lakini kuchuchumaa hawezi na kitanda cha chini hawezi. Tangu hapo anaishi Sofu na mdogo wake, Bi Siwema. Mwaka ulikuwa unatimia, hitima ya marehemu ikapangwa Jumamosi, na Mama alikuwa hajaliona kaburi la mumewe tangu lifukiwe. Mke wangu Zuhura alishatangulia kupika na kupanga. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kumfikisha Mama. Alisisitiza tufike Jumatano. Sikuelewa haraka hiyo ilikuwa ya nini, na mkwe haulizwi mambo ya namna hiyo.

Matairi yangu ya nyuma yalikuwa yameisha kashata, zile nundu za kushika barabara, yanang'aa. Nikaenda kwa Mama Ado, mwanamke wa Kipare anayeuza matairi kando ya barabara kuu na anayejua kazi yake kuliko wanaume wote wa pale. Akanitolea aina mbili.

"Hili ni laini," akasema akilibonyeza kwa kiganja. "Linapita kwenye mashimo bila kumuumiza mtu. Namba yake ya ubavuni inakubali kilo mia tisa kila moja. Hili jingine ni gumu, plai zake, zile tabaka za ndani, nyingi, linabeba elfu moja mia nne na zaidi. Lakini litakurusharusha."

"Nambeba mgonjwa wa nyonga."

"Nimesikia. Na mzigo mwingine?"

Nikamhesabia: gari lenyewe, chumba, maji, mimi na akina mama wawili. Akapiga hesabu kwa chaki sakafuni, akatikisa kichwa.

"Laini zitakubeba, ila hubakiwi na nafasi. Hao akina mama wanabeba nini?"

"Nguo, nadhani. Na mchele wa hitima."

"Unadhani? Kawaulize."

"Mama Ado, nitamuulizaje mama mkwe wangu amefunga nini kwenye vifurushi vyake?"

Akacheka mpaka akaegemea rundo la matairi. "Basi chukua magumu, baba, yatakutunzia adabu yako." Sikumsikia. Niliifikiria ile nyonga na mashimo ya njia ya Mzenga, nikachukua laini. Spea nikaacha ileile ya zamani, yenye kipara.

Sofu: kupakia

Nilifika Sofu Jumatano baada ya chai. Nikapiga hodi, nikasimama pembeni ya mlango kama inavyopasa, nikasema, "Shikamoo, mama." Ndani ikajibiwa, "Marahaba, baba Zena." Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya miaka kumi na saba. Yanayozidi hapo yanapitia kwa Bi Siwema, hata kama sote watatu tuko chumba kimoja.

Bi Siwema ni mtu mwingine kabisa. Yeye ni Mzaramo, mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, na utani wa makabila yetu mnaujua. "Kwa dada yangu wewe ni mkwe," huniambia, "kwangu mimi wewe ni Mnyamwezi tu." Siku hiyo alinipokea na kikapu mkononi. "Katutafutie ubani na udi. Usirudi mbio, chagua mzuri."

Nikaenda, nikachagua. Niliporudi majirani wanne wa kike walikuwa wanajifuta jasho, mlango wa chumba umefungwa, na funguo ziko kwenye pindo la khanga ya Mama. Gari lilikuwa limechuchumaa nyuma. Nikainama nikatazama springi, zimenyooka.

"Mama mdogo, mmepakia nini humu?"

"Nguo na mchele."

"Mchele wa mkoa mzima?"

"Hebu mwone huyu! Babu zako walibeba meno ya tembo kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, kwa miguu. Wewe una injini na matairi mapya na bado unalia."

Majirani wakaangua kicheko. Ningeweza kuomba funguo. Lakini Mama alikuwa ameshakilalia kile kitanda kukijaribu, nyonga ikamkubali, akasema kupitia kwa mdogo wake kwamba ni kitanda kizuri. Kwa hiyo kile hakikuwa chumba changu tena. Kilikuwa chumba cha kulala cha mama mkwe wangu, na mguu wangu haukuwa na ruhusa ya kukanyaga humo. Nilikichonga mwenyewe, kila skrubu naijua, na sikuweza kufungua mlango wake. Tukampandisha Mama siti ya nyuma akanyoosha mguu, Bi Siwema akakaa mbele na mimi, tukaondoka.

Mlandizi: chai na upepo

Kwenye lami gari lilikwenda vizuri ila kwa uzito, likichelewa kushika breki. Matairi laini yalifanya nilichoyanunulia. Mama alisinzia. Kila baada ya muda Bi Siwema aligeuka, akamtazama, akaniambia, "Dada anasema unaendesha vizuri," ingawa dada alikuwa anakoroma.

Mlandizi tulisimama kula. Mama hakutaka kushuka, nikamwagizia chai ya tangawizi na vitumbua vya moto, navyo vikapita dirishani kwa mkono wa Bi Siwema. Jua lilikuwa kali. Nilipolishika tairi la nyuma kushoto nikaondoa mkono haraka. Nikamwomba fundi pancha aliyekuwa pale jirani aniangalizie upepo, nikaingia msikitini kuswali adhuhuri.

Nilimkuta anafunga vifuniko vya vali. "Nimeshakupunguzia, mzee. Joto hili na mzigo ule, ungepasuka."

Nikamshukuru! Nami nimekua nikiamini hivyo hivyo, kwamba jua likiwaka unalegeza tairi lipumue. Nilimpa na kitumbua kimoja. Baadaye Mama Ado alinieleza kwenye simu, kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena, kwamba tairi lenye mzigo likilegezwa ndipo linapojikunja, likajipika lenyewe kwa ndani. "Yaani ulimlisha mtu vitumbua kwa kukuulia tairi," alisema.

Njia ya Mzenga: mlango unafunguliwa

Tuliingia barabara ya vumbi mchana ule. Minazi ikawa michache, mikorosho ikazidi. Nilikwenda polepole, nikipita ukingoni mwa kila shimo. Bi Siwema alianza kutaja watu wa kila nyumba tuliyoipita, nani kaoa wapi, nani kauza shamba, na kule nyuma Mama akawa macho na kumsahihisha. Nilikuwa sijawahi kumsikia Mama akiongea hivyo. Sauti yake ilichangamka kadiri tulivyokaribia kwao.

Hatujafika Mzenga, tairi la nyuma kushoto likapasuka. Mlio ulikuwa mkubwa, gari likavuta upande mmoja, nikalishikilia likasimama ukingoni bila kugonga kitu. Bi Siwema akasoma dua yote aliyoijua. Mama akasema tu, "Tumefika?"

Jeki ilikataa. Niliiweka juu ya ubao, ikauzamisha ubao mchangani. Nikajaribu mara tatu, na mara ya tatu nikaelewa kwamba sina mchele nyuma. Watu wa nyumba ya karibu, Mzee Kondo na mkewe Bi Pili, walishatoka na majirani zao kusaidia. Mzee Kondo akaona kilicho wazi. "Shusheni mzigo kwanza."

Nikamsogelea Bi Siwema, nikasema kwa sauti ya kumfika Mama aliyekuwa hatua tatu tu kutoka pale, amekalishwa kitini kivulini, "Mama mdogo, mwombe mama funguo, uingie utoe vitu."

Bi Siwema akatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikosa utani. "Mimi sitaweza kuvitoa," akasema.

 Mama akafungua pindo la khanga, akatoa funguo. Hakumpa mdogo wake. Alininyooshea mimi.

"Baba Zena, ingia."

Nikaingia huku nimeinamisha kichwa, kama mwizi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri. Nikainua shuka lililoning'inia. Chini yake, kila mmoja umefungwa khanga kukinga vumbi, palikuwa na mifuko sita ya saruji.

Kwa nini saruji? Sikuhitaji kuuliza. Marehemu baba mkwe alikuwa mtunzaji wa msikiti wa pale kijijini. Birika la kutawadhia, hodhi la kujengwa pale uani, lilipasuka siku zake za mwisho, akawa analiziba kwa udongo kila alfajiri ili watu wapate maji. Siku tuliyomzika nilisimama mbele ya watu, nikasema, "Birika la mzee niachieni mimi mkwe wake. Nitaleta saruji, nitalijenga kama sadaka yake." Watu wakaitikia amini. Kisha nikarudi Picha ya Ndege, nikapata kazi ya madirisha Morogoro, halafu Dodoma, na neno lile likanitoka kabisa. Nawaambieni ukweli, sikuwahi hata kulikumbuka usiku mmoja nikiwa kitandani.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda kile nikashindwa kutoka. Niliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio.

Bi Siwema alinifuata mlangoni, akanong'ona. "Amekuwa akinunua mfuko mmojammoja, kwa kuuza mayai na makawa ya kufunikia chakula anayosuka. Nilimwambia, dada, mkumbushe mkweo. Akasema mkwe hakumbushwi, utamvunjia heshima. Ndiyo maana alitaka tufike leo, birika lipate kukauka kabla ya hitima."

Kwa Mzee Kondo: nani abaki

Nilimpigia simu Mama Ado. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia yale ya vitumbua, kisha akatulia. "Ile spea ya kipara haibebi vyote. Ama chumba, ama saruji. Ukipakia vyote itapasuka kabla hujabadili gia."

Hapo nilianza kupanga peke yangu. Mama hawezi kulala bila kile kitanda wala kukaa bila kile choo. Kwa hiyo saruji ibaki kwa Mzee Kondo, tumfikishe Mama, nitafute tairi jingine, nirudi kuichukua kesho kutwa. Hapo Ijumaa imekwisha, na birika halitakauka. Nikamweleza Bi Siwema amweleze Mama.

Mama hakungoja kuelezwa. "Chumba kibaki," alisema, akinitazama moja kwa moja. "Saruji iende."

"Mama, nyonga..."

"Nyonga ni yangu."

 Tukafungua boliti, wanaume sita wakasaidia, chumba kikashuka na kusimama kwa miguu yake chini ya mkorosho. Jua lilikuwa linazama, kwa hiyo tulikubali kulala. Mama alipata walau usiku mmoja kitandani kwake, nami nikalala kwenye siti. Bi Pili alitupikia bada kwa kisamvu cha nazi na samaki mkavu, akaniongezea mara tatu bila kuniuliza. Kwetu tunakula ugali wa muhogo, lakini ule wa Bi Pili ulikuwa laini kuliko wa mama yangu, Mungu anisamehe.

Asubuhi nilikuta watu kumi na zaidi wamekaa mbele ya mlango wa chumba, kwa mstari. Habari zilishaenea kwamba kuna kliniki ya gari imeshushwa kwa Mzee Kondo, tena ina daktari mwanamke mtu mzima. Mzee mmoja alikuwa ameshavua koti apimwe presha. Nilijaribu kuwaeleza, wakaniona dereva tu asiyejua kitu. Mama akatoka na fimbo yake, akawaitikia salamu wote, akasikiliza habari ya goti la huyu na jicho la yule mpaka mwisho, kisha akasema, "Wanangu, mimi dawa sina, mgonjwa ni mimi. Lakini chai ipo." Wakacheka, wakanywa chai yetu yote na sukari yote, na wale wenye nguvu wakapakia saruji kwenye bodi. Yule mzee wa presha aliondoka akidai kwamba anajisikia nafuu.

Vihingo

Tulifika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Spea ilivumilia. Zuhura alikuja mbio kumpokea mama yake, na mimi nikalipeleka gari moja kwa moja mbele ya msikiti. Imamu alitoka na mikono yote miwili mbele.

"Ahsante, mkwe wetu! Mama yako alitutumia salamu tangu mwezi uliopita kwamba unaleta saruji ya birika, kama ulivyoahidi. Tukasema huyu ndiye mtu."

Nikafumbua mdomo. Nilitaka kusema, si yangu, mimi nilisahau. Bi Siwema akanifinya mkono kwa kucha zake zote. Nikatazama nyuma. Mama alikuwa bado kwenye gari, anatazama mbele, uso umetulia, kama mtu asiyesikia. Kumkanusha mama mkwe mbele ya imamu wake na watu wake sikuweza. 

Basi nilichoweza ni kufanya kazi. Nilivua shati, nikachanganya saruji na mchanga pamoja na wanaume wa pale, nikapaka ukuta wa birika mimi mwenyewe mpaka magharibi, na Ijumaa nikarudia sakafu yake. Mimi ni fundi wa aluminiamu, saruji inanila mikono. Niliiacha inile. Mama alikuwa analala kwenye kitanda cha Zuhura kilichoinuliwa kwa matofali, na kila alipokwenda uani mke wangu na mamake mdogo walimshika huku na huku. Nilikuwa naisikia fimbo yake ikigonga ardhi, nami nakaza mwiko. Ijumaa hiyo jioni alipelekwa kaburini. Sikumfuata.

Jumamosi asubuhi birika lilikuwa limekauka. Akina mama wakalijaza kwa ndoo kutoka kisimani, na hakuna tone lililovuja. Watu wakakusanyika kwa hitima. Imamu akanishika bega mbele ya wote, akanipa kata. "Aliyelileta ndiye atakayetawadha wa kwanza. Bismillahi, baba Zena."

Nilisimama na kata ile mkononi. Uongo wa kukaa kimya nilishauzoea kwa siku mbili, lakini kuosha uso wangu kwa maji yale, nikijidai ni yangu, halafu niende kumwombea marehemu, hilo lilinishinda.

"Samahani, imamu," nikasema. "Kwetu Tabora, maji ya kwanza ya birika jipya ni ya mama mkwe. Asipotawadha yeye, sisi hatugusi."

Imamu akakunja uso. "Mila hiyo sijaisikia."

Haikuwahi kuwepo. Niliitunga pale pale, na Wanyamwezi wenzangu mnaosoma mnajua. Lakini Bi Siwema, kule upande wa wanawake, akapaza sauti. "Mwacheni! Wanyamwezi wana mambo mengi, mkimzuia atatulilia hapa." Watu wakacheka, na imamu naye akacheka, akaniachia ndoo.

Nikaijaza. Nikaibeba mpaka barazani ambako Mama alikuwa amekaa kitini, mguu ameunyoosha. Nikapiga magoti, nikaiweka ndoo chini, nikachota kata ya kwanza, nikageuza uso pembeni ili nisimtazame anapotawadha. Kata ilijaa mno, maji yakamwagika kidogo kwenye baraza. 

Nikasikia anakunja mikono ya gauni lake.

"Mimina, mwanangu," alisema. "Mimina polepole."